Mjane Lazima Awe Mke Kwanza

Sogezeni mikeka, wanangu, mje karibu na kitanda, maana sauti yangu ya leo si ile niliyokuwa nikiwaitia kutoka shambani. Na wewe Fortunatus, zima hiyo pikipiki kabisa, usiiache ikinguruma kama unasubiri abiria. Nimewaita kwa mambo mawili, kuoa na kufa, na nitaanza na kuoa kwa sababu ndilo lenye haraka. Mnacheka! Chekeni, ndivyo ninavyotaka. Agatha, binti yangu mkubwa, wewe ambaye karibu utaitwa bibi, leo utashuhudia baba yako Yeremia akimwoa mama yako Dominika. Yasinta, kitinda mimba wangu, wewe utampaka mama yako mafuta na kumfunga kilemba, na usimsikilize akisema amezeeka kwa mambo hayo. Padre atapita hapa Mnyambe jioni akitoka kuzungukia vigango, na amekubali kutufungisha ndoa hapa hapa nyumbani kwa sababu ya hali yangu. Kabla hajafika ipo kazi ya jembe. Ikiisha, naoa. Isipoisha, mama yenu hatasimama mbele ya padre, nami nikiondoka atabaki akihangaika mahakamani kutafuta watu wa kusema kwamba alikuwa mke wangu.

Nitawaeleza yote, msiniharakishe, ingawa mwenye haraka ni mimi.

Wiki iliyopita Fortunatus, mtoto wa dada yangu, alinipakia kwenye pikipiki yake tukashuka Masasi kwenye uhakiki wa wastaafu wa jeshi. Tulitoka na ukungu, nimevaa koti langu la kijani, na tulipofika nikawakuta wenzangu wamejaa kwenye mabenchi, kila mmoja akimuuliza mwenzake, "Bado upo?" na mwenzake anajibu, "Nipo, wamekosa pa kunipeleka." Tulipigiana saluti kwa mikono inayotetemeka, tukacheka mpaka mlinzi akatuambia tupunguze sauti. Zamu yangu ilipofika nikakaa mbele ya binti mmoja mwenye miwani, akaniamkia, "Shikamoo, baba," nami nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia, "Mwanangu, miaka yote hii napokea pensheni kama ninavyopokea mvua. Ikija nashukuru, ikichelewa nanung'unika, lakini inatoka wapi na kwa kipimo gani, sijui. Leo nieleze, na usinieleze haraka."

Akanieleza, wanangu! Aliweka kalamu chini akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto wake kusuka ukili, na mimi nikaelewa, na furaha niliyoipata pale sikuwahi kuipata hata siku niliyopandishwa cheo. Alisema pensheni ya askari hufuata mambo mawili, mshahara aliokuwa akilipwa mwishoni, ambao huendana na cheo chake, na muda wote aliotumikia. Ndiyo maana mimi niliyestaafu nikiwa sajenti napata zaidi ya marehemu Rajabu wa Lisekese, aliyestaafu akiwa koplo, ingawa tuliingia kambini siku moja na tulilala kwenye handaki moja kule Kagera. Rajabu alikufa akiamini nimependelewa. Laiti ningalikuwa na maneno haya wakati ule, ningalimweleza tukamaliza! Akasema tena kwamba sehemu ya haki yangu nililipwa kwa mkupuo nilipostaafu, hicho ndicho kiinua mgongo, kilichonunua shamba la Lisekese na mabati haya yaliyo juu ya vichwa vyenu, na sehemu iliyobaki ndiyo ninayogawiwa kila mwezi. Mimi nilidhani ile ya kwanza ilikuwa zawadi! Na wale waliochukuliwa kwa ajili ya vita tu kisha wakarudi kulima, hata kama walipigana kutuzidi sisi, hawamo kwenye pensheni hii ya mwezi, kwa kuwa hawakuwa waajiriwa wa jeshi. Hili liliniuma, nikamwambia limeniuma, naye akasema hata yeye linamuuma, baba yake mdogo ni mmoja wao.

Basi nikauliza swali nililolibeba kutoka nyumbani. Nikasema, "Na nikifa?"

Akasema, "Baba, pensheni yako ni ya uhai wako. Uhai ukisimama, nayo inasimama. Kinachobaki ni mafao ya wategemezi, nayo yana kipimo chake na mwisho wake, na anayetazamwa kwanza ni mjane. Una mke?"

Nikasema, "Ninaye, tena mkali."

"Mlifunga ndoa wapi?"

Nikajifanya natafuta kitambulisho mfukoni. Na huyu Fortunatus, aliyekuwa amesimama nyuma yangu ameshika kofia yake ngumu, akadakia, "Hawajafunga, dada, wanaishi tu." Kama ningekuwa na mguu wangu wa ujanani ningempiga teke! Lakini alisema kweli. Yule binti akavua miwani, akanitazama kwa huruma, akasema, "Baba, mjane lazima awe mke kwanza." Kisha akasema ipo njia ya mahakamani ya kuthibitisha kwamba watu waliishi kama mke na mume, ila ni ndefu, nayo humwangukia yule aliyebaki. "Wewe bado upo," akaniambia, "kwa nini umwachie yeye kazi ya kukuthibitisha?"

Neno hilo lilinipiga hapa kifuani, maana njia hiyo ninaijua. Hajira, mke wa Rajabu, anaitembea mpaka leo. Sheikh aliyewaozesha amefariki, mashahidi wamefariki, hati haikuandikwa, na kila akienda anaambiwa alete mtu aliyekuwepo. Mama mtu mzima yule, watu wote wa Lisekese walikula pilau ya arusi yake, sasa anaombwa kuleta walaji! Nilipanda pikipiki. Nilimwambia Fortunatus, "Endesha, nakwenda kuposa."

Sasa ninyi mnajiuliza kwa nini siku zote hatukubariki ndoa kama watu wengine. Agatha unaijua nusu ya habari, Yasinta huijui kabisa. Nilipomposa mama yenu nilikuwa tayari askari, nimekuja likizo, na mjomba wake alinipokea vizuri, akanipa sharti la ukwe kama ilivyokuwa desturi. Kijana anayetaka mke analima kwa wakwe zake kwanza, waone mgongo wake. Akanionyesha shamba hili lililo ng'ambo ya njia, lina mahindi yaliyokwisha kuota na magugu yanayoyapita, akasema, "Palilia mpaka mwisho, ukifika kwenye mpaka wa chini, mchukue binti." Nikapalilia kwa raha, Dominika ananiletea togwa, ananicheka jinsi ninavyoshika jembe kama bunduki. Nilikuwa nimefika katikati wakati tangazo la redio lilipotuita askari wote tulio likizo turudi vikosini. Nikachomeka jembe pale pale ardhini, nikamwambia mama yenu nitarudi kulichukua, nikaenda vitani.

Niliporudi, mjomba alikuwa amefariki na kauli yake ikabaki kwa Gasper, kaka yake Dominika. Gasper akasema mjomba hakuwahi kulifuta sharti, palizi haijaisha. Nami nikasema walioniondoa shambani ni jeshi, basi alidai jeshi. Tukarushiana maneno mbele za watu, akasema nimekimbia magugu nikakimbilia risasi kwa sababu risasi ni nyepesi, nikamjibu jambo ambalo sitalirudia mbele yenu. Mama yenu akaja kwangu, akajenga nami, akanizalia, lakini aliapa hatakwenda mbele ya padre bila kaka yake kusimama upande wake. Na hapo ndipo tulipokwama sote watatu, kila mmoja na neno lake.

Nanyi mnamjua Gasper mjomba wenu! Kila masika, kila masika ya Mungu, hupanda mahindi kwenye kile kipande cha chini nilichokiacha, halafu hakipalilii. Anapalilia kote, pale anaacha. Mbegu yake inaliwa na magugu, mwaka unaofuata anapanda tena, ili mimi nikifungua dirisha hili nione deni langu limeota upya, kijani kibichi. Wapita njia wanapaita kwa afande. Mwenyewe hajawahi kuniita shemeji hata mara moja, ananiita Afande, kwenye misiba, kwenye sherehe, hata mlipozaliwa ninyi alikuja akasema, "Hongera, Afande."

Kwa hiyo siku ile, nilipotoka Masasi, sikwenda kuposa kwa maneno. Nilichukua jembe la Yasinta pale nyuma ya jiko nikavuka njia. Najua mlinikataza, najua moyo huu daktari wa Newala ameshausema, lakini ningeyaweka wapi yale niliyoyaelewa? Nikapalilia. Lo, wanangu, udongo ulikuwa laini, umenyeshewa, na magugu yaling'oka kama yalikuwa yananisubiri! Nilimaliza mstari mmoja nikaanza wa pili, kisha dunia ikapinduka, nikajikuta nimelala nikitazama mawingu, na uso wa Gasper uko juu yangu. Akasema, "Afande, umechelewa kurudi kazini." Alinibeba mwenyewe mpaka hapa, mzee yule, mgongo umeinama, na njiani aliniambia, huku akihema, kwamba kauli ya mjomba wake hawezi kuivunja, lakini mjomba hakusema lazima iwe mikono yangu. Upande wangu ukimaliza kipande kile, atasimama na dada yake. Ndugu zangu na rafiki zangu wanaruhusiwa. Upande wao hauruhusiwi kugusa hata jani, kwa hiyo Agatha na Yasinta, ninyi ni wa ukoo wa mama yenu, kaeni mlipo.

Upande wangu ni wewe, Fortunatus.

Usitazame chini. Wewe ndiye mpwa wangu mkubwa, na kwa desturi yetu sisi huku, mpwa ndiye anayesimama nilipokuwa nimesimama. Najua ulichokuwa ukifikiri, wala sikulaumu, maana hata mimi sikujua. Umenipeleka benki mvua na jua, na umewaambia wenzako wa kijiwe kwamba mjomba akiondoka wewe ndiye utakayepanga foleni. Ulifikiri pensheni ni kama mkorosho, mwenye nao akifa unaendelea kuzaa kwa mrithi wake. Ulimsikia yule binti kwa masikio yako mwenyewe, na tangu siku hiyo umekuwa mkimya. Mikorosho ya Chiungutwa ni yako, yote, ni ya ukoo wa mama yangu na mama yako, hakuna wa kukusumbua. Lakini pensheni haimfuati mpwa. Kwako kutoka jeshini haitakuja hata sumni, na bado nakuomba uvuke njia ukanilimie ili mtu mwingine apate. Ni ombi zito, ninalijua uzito wake. Unaweza kukataa.

Unaondoka?

Haya. Mwacheni, Agatha, usimwite. Mwacheni awashe pikipiki yake. Kijana akiambiwa neno kubwa anahitaji upepo usoni.

Tuendelee, maana nguvu ninayo kidogo na sitaki kuimalizia kwenye kusikiliza pikipiki inayokwenda mbali. Nyumba hii imejengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yenu, ni yake, na mtu yeyote wa upande wangu akija kudai hata bati moja, mwonyesheni njia aliyojia. Shamba la Lisekese ni lenu ninyi wawili, sawa kwa sawa, na asiliuze mmoja bila mwenzake. Koti langu la kijani mpeni Gasper; amelisema vibaya miaka yote kwa sababu analipenda. Sidaiwi na mtu mwingine yeyote, deni langu mmeliona kupitia dirishani.

Na nikishakufa, sikilizeni vizuri hapa. Msifiche kifo changu hata siku moja ili mpokee pensheni ya mwezi mwingine. Wapo waliofanya hivyo, wakamzika mtu wao kimyakimya kama wanaficha wizi, na baadaye mjane akaulizwa maswali yasiyokuwa yake. Mimi nizikeni kwa kelele, vigelegele na ngoma, hata Masasi wasikie! Nendeni ofisi ya kijiji mkaseme Yeremia amefariki, mfuatilie cheti cha kifo, ukoo ukae umchague Agatha kuwa msimamizi wa mirathi, mwende naye mahakama ya mwanzo, mkiwa na cheti cha ndoa tutakachopata leo. Akipiga mtu simu akasema yupo Dodoma na anataka namba ya siri ili aharakishe mafao ya mama, mwambieni mwenye namba amezikwa nayo. Mama yenu akilipwa, asishauriwe na kila mpita njia. Anataka tangi la kuvunia maji ya mvua, aliniambia tangu zamani, amechoka na foleni za maji. Mwacheni ajenge tangi lake, alikalie, alitazame, apige hodi juu yake asikie limejaa.

Nipe maji, Yasinta. Kidogo. Inatosha.

Mnasikia?

Hapana, siyo radi. Ni pikipiki. Ni nyingi! Agatha, simama utazame, niambie. Ni yeye? Amekuja na nani? Kijiwe kizima! Wana majembe mgongoni! Ee Mungu wangu, Fortunatus, mtoto wa dada yangu, kumbe ulikwenda kuniletea kikosi! Nifungulieni dirisha lote. Waambieni waanzie pale nilipoangukia, wafuate mistari, wasikate mahindi. Mwambieni yule wa shati jekundu anashika jembe kama mimi, ataumaliza mgongo kabla ya magugu. Na Gasper amesimama wapi? Kwenye mpaka, amekunja mikono? Ndiye huyo. Anawaambia warudie mstari wa pili? Hata leo! Hata leo anakagua! Mwacheni, ni haki yake, na warudie.

Yasinta, sasa ni wakati, kamvalishe mama yako.

Ngoja nipumzike kidogo. Ninawasikia. Majembe yakiwa mengi yanafanana na mvua inayoanza.

Nilisinzia? Jua limefika wapi? Agatha, mkono wako uko wapi, ulete. Majembe yamenyamaza. Yamenyamaza kwa sababu wamemaliza, au wanapumzika? Usinifiche. Tazama mpaka wa chini, pale kwenye mkorosho ulioinama. Wamefika? Udongo mtupu mpaka mpakani? Na mahindi yanaonekana?

Yanaonekana.

Basi. Basi, wanangu. Wekeni mikono yangu vichwani mwenu, mimi mwenyewe siwezi kuiinua, inyanyueni muiweke. Hivyo. Mungu awape migongo ya kulima na akili ya kuuliza. Msipokee kitu miaka mingi bila kuuliza kimetoka wapi na kinakwenda wapi. Awape nyumba zisizofungiwa dirisha kwa aibu. Fortunatus yuko nje? Nimempa baraka hizo hizo, mfikishieni, na mwongezeeni moja ya peke yake, mikorosho yake isikose maua. Watoto wa kijiwe wapeni wali, kuku wote wawili, msibane.

Pumzi inakuja moja moja. Si kitu. Moja moja zinatosha, siendi mbali.

Mama Agatha... umesimama mlangoni siku nyingi? Kilemba hicho... Usilie. Ulinicheka wakati ule, nicheke na sasa. Jembe nimelirudia.

Nani anapiga hodi? Nyamazeni nisikie.

Gasper. Sema tena, Gasper, sema kwa nguvu, watoto hawa wasikie ulivyoniita.

"Hodi, shemeji!"

Karibu. Karibu ndani, shemeji. Mpeni kiti. Padre yuko nyuma yako, naiona kanzu yake. Agatha, shika bega hili, Yasinta lile jingine. Niinueni, wanangu. Polepole. Mwanamume haozwi amelala.